Mama Yuko Daraja la Pili

Jumatatu, 4 Machi

Kiwandani kwa mama wameleta fomu. Kampuni inapanga mishahara upya. Kila mshonaji aeleze kazi yake, kisha watu wa ofisini watoe pointi — pointi zikiwa nyingi, daraja linapanda, na mshahara pia. Mama kaniachia mimi niandike, kwa ajili ya mwandiko wangu. Nimefurahi sana.

Nikamuuliza anafanya nini pale. Anashona kola, basi. Na wasichana wapya anaowafundisha? "Andika nawasaidia." Na mashine zikikwama? "Namsaidia fundi." Lakini fundi hufika mashine imeshapona! Akasema nisimfanye ajisifu mbele za watu. Shuleni pia tunaambiwa tusijikweze. Nikaandika nasaidia, mara mbili, kwa herufi safi.

Ijumaa, 22 Machi

Majibu yamebandikwa ukutani. Mama: daraja la pili, pamoja na wabeba vitambaa. Na ana miaka kumi na minne pale kiwandani.

Mama mdogo, ambaye mama ndiye aliyemfundisha hata kutia uzi kwenye mashine, kapata la nne. Aliandika anasimamia ubora wa mishono. Kapita jioni akicheka: "Dada, mimi nimejijazia kwa mwandiko wa kuku. Wewe una msomi ndani ya nyumba!"

Mama akacheka naye. Mimi nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumapili, 24 Machi

Rufaa mwisho kesho saa nne asubuhi. Ikipita hapo, hawapangi tena mpaka miaka mitatu ipite.

Mama mdogo kaleta fomu nyingine, leo bila utani. Kanitajia mengine ambayo mama hakuniambia. Nimeandika yote: anafundisha, anatengeneza mashine, msimamizi akiugua yeye ndiye anayegawa kazi. Sikutia chumvi hata chembe. Nadhani safari hii watamwona.

Mama ameisoma polepole, kidole chini ya mstari. Akarudia mwanzo.

"Huyu ni nani?"

Ni wewe, mama.

Akasema wenzake wakisikia watasema kajipa ukubwa. Na msimamizi je, atamtazamaje? Hajatia sahihi. Kalamu nimeisogeza karibu na mkono wake. Yeye ameketi palepale, fomu mapajani, na mimi hapa mezani najifanya naandika kazi ya shule —