Udongo Tuliomletea Mama kutoka Bangkok

S.L.P. 63,
Same.
21 Septemba 1997

Mpendwa wifi yangu Nenkai,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetupeleka mbali na kuturudisha. Hujambo wewe, shemeji Raymond hajambo, na watoto wanaendeleaje na shule? Kile kifua chako kinachobana kila baridi ya huko Botswana ikianza, kimeachia? Nasikia mnaota moto wa umeme humo ndani. Jifunike, wifi, usiringie ujana, sote tumeshavuka arobaini.

Sisi huku tunaamka, tunashukuru. Mvua za masika zilitudanganya tu, zikanyesha mara chache zikakimbia, na mahindi ya bondeni yamekauka yakiwa mafupi kama magugu. Tunaishi kwa mchele anaotuletea mdogo wenu Benedikto kutoka Ndungu kwa baiskeli. Hospitali nayo siku hizi unakwenda na pamba yako na sindano yako. Kaka yako Elifasi tangu alipopunguzwa kazini kule ushirika hajapata kibarua. Anashinda barazani akikunja na kukunjua gazeti lile lile.

Najua umenuna. Tumerudi tangu mwezi wa saba na sijakuandikia hata mstari. Si kwamba nilikusahau. Nilikuwa nakaa na kalamu, halafu naondoka kwenda kuchota maji.

Unajua kilichotupeleka. Tangu yule rafiki yake Omari alipopiga simu mwaka jana kutuambia mwanetu Asheri amefariki huko Bangkok kwa homa, na kwamba amezikwa, mama yenu hakulala tena kitandani. Alitandika mkeka chini kule kijijini Vudee akasema mfiwa halali juu wakati hajui maiti wake kalazwa wapi. Ibada ya msiba tulifanya, mchungaji akahubiri, watu wakala, wakaondoka. Mama akabaki chini. Kifua kikaanza kumkoroma. Akasema hataki kitu kingine: aletewe udongo wa kaburini kwa mjukuu wake aufukie nyumbani, ndipo atanyanyuka. Alishona kifuko kwa kipande cha kanga yake, akakata na jani la isale tukalipande kaburini kichwani pa mtoto, kama tunavyowapandia wafu wetu.

Watu walitushauri twende na wafanyabiashara wanaofuata nguo huko, maana sasa mipaka imefunguliwa na kila mtu ni mfanyabiashara. Kaka yako akakataa. Unamjua. Akasema, "Mimi nimekagua maghala ya wilaya nzima, nitashindwa kukagua mji mmoja?" Akaazima ramani kwa mwalimu wa jiografia, akafuatilia pasi mwenyewe Dar es Salaam, tiketi mwenyewe. Kiinua mgongo chote kikaingia humo. Hedwiga, yule jirani yetu Mchaga, alicheka mpaka akashika nguzo. "Jamani Wapare! Yaani unapanda ndege kufuata udongo? Si ungechota hapa Same, upo wa bure!" Nilicheka pia. Ule ulikuwa utani wa mwisho kunichekesha kwa dhati.

Wifi, ndege sitakusimulia, wewe umepanda. Kabla ya kutua niliona mashamba ya mpunga yenye maji yamepangwa mraba kwa mraba, nikamwambia mume wangu, tazama, ni Ndungu. Akanishika mkono mbele za watu. Hajawahi kufanya hivyo tangu tuoane.

Tulifikia nyumba ya wageni nyuma ya soko. Joto la kule lina maji ndani yake, unavaa nguo kavu na kabla hujafunga kifungo imelowa. Chakula kilitushinda. Kila sufuria ina kidudu cha baharini chenye miguu kinakutazama. Tulikula wali mweupe, mayai ya kuchemsha na ndizi, na mwenye nyumba akatuonea huruma akawa anatuletea nanasi. Kuvuka barabara ndiko kulikotutesa, pikipiki zinakuja kama nzige. Mwisho Elifasi akasema, "Tuvuke kama ng'ombe wa Wamasai, tusimtazame mtu usoni." Tukavuka.

Omari alikuja asubuhi yake. Ni kijana wa Muheza, mwembamba, ndiye aliyekuwa akiishi chumba kimoja na Asheri tangu walipofika huko kuuza mawe ya vito ya Umba. Alipotuona alipiga goti la heshima pale pale kwenye vumbi la soko. "Shikamoo mama, shikamoo baba." Nilimpenda. Nilisema moyoni, mwanangu hakuwa peke yake.

Nikadhani tunakwenda kaburini. Akatupeleka mtoni. Tukapanda mtumbwi wenye injini, tukapita kwenye mifereji, nyumba zimesimama majini kwa miguu ya mbao, kina mama wanauza mboga kutoka kwenye mitumbwi, wamevaa kofia pana kama ungo. Jioni akasema leo tumechelewa. Kesho yake akatupeleka mtaa wa wanunuzi wa mawe, watu wamekaa mezani wanayapindua kwa koleo ndogo, na akatuonyesha kiti alichokuwa akikalia Asheri. Kesho yake tena, mahekalu. Mapaa yanang'aa dhahabu. Sisi hatukuingia, tulisimama nje tukiimba tenzi kimoyomoyo, maana tulijiambia hatukuja kuangalia sanamu.

Na nikuambie ukweli, Nenkai, kaka yako alifurahi. Alinunua kofia ya ungo akaivaa. Alikuwa anauliza kila kitu, huu mfereji unachimbwa na nani, zamu ya maji inapangwaje. Nilimwona kama alivyokuwa kabla ya kupunguzwa kazi. Kwa hiyo nikanyamaza. Lakini usiku nalifungua lile jani la isale kwenye kitambaa chenye maji naliona linageuka manjano kwa ncha.

Basi siku moja tumekaa kwenye kibanda cha chakula, Omari anaeleza kuna bustani ya mamba, watu wanatoka nchi zote kuja kuitazama. Nikaweka kijiko chini.

"Omari mwanangu, sisi hatukuja kutembea. Mtoto yuko wapi?"

Akasema, "Mama, kula kwanza."

"Nimeshiba. Yuko wapi?"

Akatazama meza. Elifasi akavua ile kofia.

"Mama, kaburi hakuna," akasema. "Nilishindwa kuwaambia kwenye simu. Bibi alikuwa analia nyuma yenu, nikasikia, nikasema amezikwa. Huku hawaziki, mama. Huku wanachoma."

Asheri alifia wodi ya masikini. Omari karatasi zake zilikuwa zimekwisha muda, akaogopa kwenda kumdai maiti wasije wakamfunga. Alipompata mtu wa kumtuma, yule mama wa kibanda tulichokuwa tumekaa, watawa wa hekalu walikwisha mchukua wakamfanyia kama wanavyowafanyia wafu wao wote, bila kudai kitu. Omari alilia kwa sauti, mtu mzima, na wateja wakageuza vichwa kwa adabu. Mimi nilimwambia, "Nyamaza baba, nyamaza," nikimpapasa mgongo, kana kwamba msiba ni wake. Nadhani ulikuwa wake pia.

Tukaingia hekaluni, sisi tuliosimama nje. Tulivua viatu. Nyuma kuna ukuta mrefu wenye vijumba vidogo, kila kimoja na picha, na Asheri yuko safu ya chini kabisa, picha ile ya pasi aliyopigia Same akiwa na shati la shemeji Raymond. Mtawa mzee akatoa kibakuli cheupe chenye mfuniko, mfano wa bakuli la sukari, akamkabidhi Elifasi kwa mikono miwili, kama tunavyokabidhiana sisi. Elifasi akakipima uzito, akaniuliza mimi, "Ndiyo yote?"

Mtoto aliyenirarua siku ya kumzaa. Uliyemlea wewe miaka yake ya shule pale Ndungu, ukalalamika kwamba anamaliza sufuria ya makande peke yake. Lile jani la isale sikupata pa kulipanda, chini yote ni sakafu. Nililiegemeza ukutani nikaondoka.

Usiku ule tulibishana kwa kunong'ona. Mimi nilitaka Mama aambiwe, tumzike mtoto kwa jeneza hata kama ni dogo, mchungaji aje. Elifasi akasema, "Mama akisikia mjukuu wake ametiwa moto kama kuni, hatafika jioni. Tutazika wawili." Akasema ukoo nao wangekaa vikao mpaka mwaka uishe, maana Wapare hatuachi kesi. Nilimwona alivyochoka. Akafungua mfuniko. Mimi nikashika mdomo wa kile kifuko cha kanga alichoshona Mama kwa ajili ya udongo, yeye akamimina. Tulimaliza, tukapiga magoti, na hakuna aliyepata la kuomba.

Uwanja wa ndege afisa alifungua kifuko. Unga wa kijivu, na nchi ile inaua watu kwa dawa za kulevya, ungedhani tumekwisha. Elifasi hana lugha yao. Akajigusa kifua, kisha akashusha kiganja kuonyesha kimo cha mtoto mdogo. Yule afisa akafunga uzi mwenyewe, taratibu, akainamisha kichwa.

Vudee walitupokea kwa vigelegele. Benedikto alichimba kishimo kwa kijembe kidogo, ukingoni mwa migomba, kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, maana udongo hauhitaji zaidi. Mchungaji alipita, akaomba sala fupi ya kushukuru safari njema. Maneno ya kuzika hakusema, ya nini? Ibada ilikwisha fanyika mwaka jana. Mama akamimina mwenyewe. Akausugua kidogo kati ya vidole akasema, "Udongo wa huko mwepesi huu. Hauwezi kuotesha hata maharage." Watu wakacheka. Kaka yako akaelekea zizini, akasimama huko akiwapa mgongo mpaka chai ilipoletwa.

Jioni ile Mama alipanda kitandani. Kifua kimetulia, anakula, juzi amekwenda kanisani kwa miguu yake. Kwa hiyo sijui niseme tulikosea.

Lakini, wifi, pale ukingoni mwa migomba mbuzi wanafungwa. Watoto wanaruka pale wakikimbizana. Siwezi kuwakaripia, watauliza kuna nini. Kwao ni udongo wa ugeni tu uliomwagwa juu ya udongo. Kila nikipanda Vudee napita na ndoo ya maji hata kama sina haja nayo, nasimama kidogo kana kwamba nimechoka. Mtu amezikwa pale na hakuna aliyemzika. Hakuna aliyemwita jina lake akamkabidhi kwa Mungu. Najua Mungu aliyemfinyanga mtu kwa mavumbi hatashindwa na majivu, nalijua hilo, nalifundisha kwenye umoja wa wanawake. Ila nikilala linaniondoka.

Elifasi hataki tulizungumze. Nikianza, anakunja gazeti. Kwa mchungaji siwezi kwenda, naye ni mtoto wa shangazi yake Mama, maneno yangefika Vudee kabla yangu.

Ndiyo maana nimekuandikia wewe. Wewe ni shangazi yake, na jina la Asheri wewe ndiye uliyelitoa. Nakuomba, Nenkai, usiku mmoja watoto wakilala, simameni wewe na Raymond, mfungue kitabu cha ibada pale pa mazishi, mumsomee yote, msiruke hata aya. Mseme jina lake kamili. Pale panapotakiwa kutupa udongo, tupeni udongo, hata wa kwenye chungu cha maua. Mungu hana Botswana wala Vudee. Halafu uniandikie tu kwamba mmefanya, useme "tumemaliza ile kazi," nami nitaelewa.

Ukija likizo Mama atakupeleka migombani akuonyeshe. Atakusimulia alivyousugua. Mwitikie tu.

Mama anakusalimu sana, hajui ninachoandika, anadhani naulizia sweta. Benedikto anamsalimu Raymond na anauliza kama huko baiskeli ni rahisi. Hedwiga naye anakusalimu, alikuja kutupa pole akakosa utani. Kaka yako yuko barazani, nimemwambia namwandikia Nenkai, akasema, "Msalimie," akasema tena, "Msalimie sana." Mungu awafunike, awape afya, awarudishe nyumbani mkiwa wazima na miili yenu.

Barua hii usiiache mezani. Zamani ningekuambia ukishaisoma uichome. Usiichome, wifi yangu. Ichane, uifukie.

Mimi wifi yako ninayekupenda siku zote,

Eliakunda