Kamati ya Bega Langu

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimerudi kutoka Rustenburg na vumbi la migodi kwenye meno, nikakuta magari yamejaa nje ya lango. Sikuwa nimealika mtu. Sebuleni, umoja wa wanaume wa kanisa letu wote, na Festus, mume wangu, anacheka kama bwana harusi. Wakanipeleka gereji huku wakipiga makofi.

Mashine yangu ya kujazia baruti maganda ya risasi! Niliifunga mwenyewe kwenye meza ya gereji, na tangu nianze kulenga shabaha hakuna mwingine aliyeigusa. Sasa imeinuliwa juu ya kitako cha chuma. Mkono wake umerefushwa. Lile gololi la kushikia kwenye ncha yake limeondolewa, pamewekwa kishikio kipana cha mbao kinachozunguka. Wameipaka rangi. Ya buluu!

Yote ni kwa ajili ya bega langu la kulia. Baridi ya Joburg hulikamata kila mwaka, na huwa nalalamika nikishajaza risasi za mashindano. Nililalamika kwa mume wangu, mezani kwangu. Yeye akalipeleka bega kikaoni. Mzee Kip, mwenyekiti wao, fundi mkuu wa lifti, akaunda kamati. Kuna katibu. Kuna kikundi cha WhatsApp, "Bega la Mama Fiona". Kila mtu yumo isipokuwa mwenye bega.

Nikauliza ni nani aliyewapa ruhusa. Nikauliza tena, kwa sauti ninayoitumia kuwahoji mawaziri.

Wameondoka bila kumaliza chapati.

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Festus amekunywa chai akiwa amesimama. Anasema nimemwaibisha. Watu wazima wameacha Jumamosi yao, wamenifanyia kazi, nami nawahoji kama wezi. Nikamwuliza anayeingia kwenye kitu cha mtu bila ruhusa anaitwaje. Akachukua funguo za gari.

Jioni nikaujaribu ule mkono, bila kujaza chochote. Unashuka kana kwamba kuna mtu wa pili anausaidia chini ya meza. Bega halikusema neno. Ni kazi nzuri. Hilo ndilo lililonichoma zaidi!

Brigitte akapiga simu. Ni mwenzangu wa klabu ya shabaha, Mkongo wa Lubumbashi, ana saluni Joubert Park. Alianza kujifunza bastola baada ya kuvamiwa hapo. Ameona picha kwenye status ya Festus, anataka na mashine yake itengenezwe hivyo kabla ya Jumamosi, mashindano ya Siku ya Wanawake. Nikamwambia asithubutu, watamharibia. Akauliza kwangu wameharibu nini.

Nikasema: wataharibu tu.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Kila nikikaa kujaza, kwanza napitisha ganda tupu. Ndiyo desturi yangu. Juu ya mashine kuna kifaa kidogo kinachopima baruti ndani ya ganda. Kama haimo, au imeingia mara mbili, kinalia. Napenda kukisikia kikilia kabla sijakiamini kikinyamaza.

Leo nimepitisha ganda tupu. Kimya. Nikainama nitazame. Kifaa hakipo! Tundu lake limezibwa na kifuniko cha plastiki, safi kabisa, cha buluu.

Nilikikuta kwenye kopo la jemu, pamoja na skrubu zilizobaki.

"Ah, hicho?" akasema Festus. "Hicho kilikuwa kibovu. Kazi yake kulia tu."

Nikampigia Mzee Kip. Akanieleza polepole, kama anayefundisha shule ya Jumapili. Walikuwa wanaijaribu mashine, wanashusha mkono, wanapandisha, na kila mara kile kidude kinalia. Jirani hata akachungulia juu ya ukuta. Wakaona kimeharibika.

"Mlikuwa mmetia baruti, Mzee?"

"Baruti ya nini? Tulikuwa tunajaribu mkono."

"Maganda yalikuwa matupu?"

"Matupu, ndiyo. Usalama kwanza!"

"Basi kilikuwa kinafanya kazi yake."

"Dada, jambo hili lilipigiwa kura."

Walipiga kura! Kuna aliyependekeza, kuna aliyeunga mkono, kifaa kikashindwa.

Ganda likipata baruti mara mbili, bastola inaweza kupasuka mkononi mwa mpigaji. Nimewahi kuandika habari ya mtu aliyepoteza vidole namna hiyo. Nilimhoji hospitalini, akishika kikombe kwa viganja viwili. Nilimweleza Mzee Kip hayo yote. Akasema zawadi haichunguzwi hivyo. Nikamwuliza kuhusu mashine ya Brigitte. Akasema wameimaliza jana.

"Na kifaa chake?"

"Nacho kilikuwa kinalia."

Brigitte hapokei simu. Nimemwandikia kirefu. Tiki za buluu, jibu hakuna.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Nimetoka chumba cha habari mapema, nikaenda saluni. Brigitte alikuwa anasuka. Nikamwambia kila kitu mbele ya mteja, maana hakutaka kutoka nje.

"Yaya, banaume banakutengenezea kitu bule, na bado unalia?"

Yaya kwao ni dada mkubwa. Nikamweleza kuhusu ganda tupu. Alisikiliza, vidole havikusimama. Papa Kip alishamwambia kwamba hicho kidude kinaharibika kwenye mashine zote za aina hii. Papa Kip anatengeneza lifti ambazo watu wanapanda mpaka juu kabisa.

"Ukijaza, unatazama ndani ya kila ganda?" nikauliza.

"Kwa nini nitazame? Mkono unaenda muzuri." Halafu akanigeukia. "Siku ya kwanza ulisema bataniharibia. Haukukuwa umeona kitu, hata kimoja. Sasa umeona! C'est normal, ni kawaida, yaya. Mwenye kutafuta anaonaka."

Mteja akacheka, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

Risasi za Jumamosi ameshazijaza. Zote. Jana, huku anatazama tamthilia kwenye simu. "Mkono ule! Naweza hata kulala."

Nikamwomba anipe nizipime. Akasema nikaombe kwanza msamaha kwa wale wababa, halafu tutaongea.

Nilisimama kwenye robot ya Wolmarans, taa imeshageuka kijani, mpaka wa nyuma akanipigia honi. Jumatatu nilikuwa na hasira ya haki, lakini sikuwa na ushahidi. Leo nina ushahidi, na wote wanaona ile hasira ya mwanzo tu. Mwandishi mgeni kazini ningemfokea kwa kosa hilo.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nimerudisha kifaa mahali pake. Nikapitisha ganda tupu: kikalia. Mkono wao nimeuacha.

Festus anataka nimwombe Mzee Kip radhi kesho. Kamati inakuja uwanjani kushangilia, wamechapisha fulana. Nikamwuliza yeye alipiga kura upande gani.

"Nilifuata wengi."

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Naandika uwanjani, nimekaa kwenye bampa la gari. Ufyatuaji umesimamishwa, na ni mimi niliyeusimamisha.

Nilimfuata msimamizi kabla ya raundi ya kwanza. Nikampa ninayoyajua na nisiyoyajua. Ninajua kifaa kimetolewa na risasi zimejazwa bila kutazamwa. Sijaona hata moja yenye kasoro. Sijui kama ipo. Akakuna ndevu. Eish, mama, leo? Lakini akapuliza filimbi. Akamwambia Brigitte achague: zake zipimwe moja moja kwenye mizani, au atumie za duka la klabu. Brigitte akasema za dukani hajazizoea, na zake zikipimwa raundi yake itapita. Akaniambia mbele ya watu wote kwamba nina roho mbaya. Mke wa katibu wa kamati akaitikia kama yuko ibadani.

Mzee Kip akaja mbio na fulana yake. "Bega la Mama Fiona" kifuani! Akamwambia msimamizi kwamba mashine ni salama, ameishika kwa mikono yake, na hakuna lifti yake iliyowahi kuanguka.

Msimamizi akamwuliza mbona kifaa kilikuwa kinalia.

"Maganda yalikuwa..." akaanza Mzee Kip.

Brigitte alimtazama. Alimtazama muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi saluni. Akaiweka bastola mezani, tupu, akachukua viziba masikio vyake vya akiba na kumnyooshea.

"Papa Kip. Ulisema iko bien, iko muzuri. Kuja usimame hapa, karibu yangu, nikipiga. Hapa, upande wa mukono."

Mtu mmoja wa kamati akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

Festus ametoka kwenye kundi lao, amekuja kukaa nami kwenye bampa. Nimemsogezea nafasi.

Brigitte bado amenyoosha mkono. Msimamizi amekunja mikono, hamharakishi mtu. Mzee Kip amevua miwani, anaifuta kwa pindo la fulana. Upande mmoja. Wa pili. Sasa ameurudia wa kwanza —