Nyonga Yangu na Jina la Senge

Mama yangu,

U mzima? Na baba, kile kikohozi kimemwacha alale? Mimi niko hapa Kiganjo, napumua, lakini moyo umevunjika na leo sitazunguka.

Mguu ulinizidi kazini. Unajua pale kiwandani Thika tunapiga nguo pasi tumesimama kutwa nzima. Msimamizi aliniona nimeegemea meza akasema, "Nekesa, enda hosi bana, utatuangukia hapa." Nikaenda hospitali ya Ruiru, wakanipiga eksirei ya nyonga zote mbili.

Daktari, msichana wa rika langu, alinionyesha picha kwenye kompyuta. "Cheki hii ya kulia, mfupa umefunikwa vizuri. Sasa ona ya kushoto, hiyo kikombe ya nyonga ni fupi, haishiki mfupa wa paja. Ulizaliwa hivi."

Nikamuuliza, hakuna kitu mtu anaweza kukanyaga njiani kikaleta hii? Akacheka kidogo, akaona sicheki, akaacha. "Hapana, dear. Ni vile mifupa iliumbika. Wengi huanza kusikia uchungu wakishakua."

Mama, nililia mbele yake kama mtoto. Anasema huenda nikapasuliwa, lakini si hilo lililoniliza. Nilimlilia Senge Nafula. Nilipoanza kuchechemea mlisema huyo dada wa baba alifukia dawa kwenye njia ya kisimani, eti ana wivu kwa kuwa hakujaliwa mtoto, nami nikaikanyaga. Mkamfukuza bomani. Hata kwenye matanga ya kukhu, mama yake mzazi, alisimama nje ya ua mpaka jeneza likashushwa. Kumbe ni mfupa tu!

Jana nilimpigia simu nikamweleza yote. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari kutukanwa kwa niaba yenu. Aliniuliza tu, "Na bado unaumwa, mwanangu?" Hakuuliza kingine chochote.

Nimekukasirikia, mama, na bado nakupenda. Hasira na upendo vimenikaba pamoja na sijui nianze kutoa kipi.

Msalimie baba, na umsomee barua hii yote bila kuruka mstari. Msalimie kaka yangu na mke wake, na jirani yetu mshona nguo. Senge usimpelekee salamu zangu, anazo. Mpelekee zako, mwenyewe, mpaka mlangoni kwake.

Ni mimi binti yako,
Nekesa