Mwanangu Anabeba Mwanasesere Mgongoni, na Mimi Natafuta Kura

Mpendwa Shangazi Dorcus,

Naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, kwa sababu siku hiyo wakulima wa hapa kwetu karibu na Kaplong wanachagua mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani chai, na mimi nimesimama, na jina langu lilikuwa safi kabisa mpaka shemeji yangu alipotoka Londiani akamletea mwanangu Kipkirui, wa miaka minne, mwanasesere.

Nilinyamaza nikidhani atamchoka. Wapi! Alimfunga mgongoni kwa leso ya mamake akazunguka naye boma lote akimbembeleza, na wapita njia wakasimama kwa lango kutazama kama sinema. Nikamnunulia lori la plastiki, akamlaza mwanasesere ndani, akamfunika na soksi yangu, akaniambia nisipige kelele kwa sababu hiyo ni ambulensi. Nikamnunulia mpira, ukawa mto wa kulalia. Nikamletea ng'ombe wa plastiki, nikasema sasa hii ndiyo kazi ya kijana wa Kikipsigis, naye akamkamua huyo ng'ombe maziwa ya mtoto.

Mpinzani wangu Kiptanui akapata habari. Sasa kila jioni kwa foleni ya majani anauliza watu, "Mtu ameshindwa kulea kijana wake awe kijana, ataweza kusimamia mizani ya majani?" na watu wanacheka, na babangu mzazi ameniambia nichome hicho kitu kabla hakijaharibu ukoo.

Halafu wiki jana, Shangazi, mke wangu Nelvine akaenda matanga huko Sigor akaniachia binti yetu Chepngeno, ambaye bado ananyonya, naye akalia mpaka mimi pia nikataka kulia. Kipkirui akaniangalia, akatikisa kichwa. "Baba, unamshika kama debe. Inama." Nikainama. Akanionyesha leso inapitia wapi, na kweli mtoto akanyamaza, akalala, nikaenda kuchuma majani naye mgongoni kwa sababu lori la kiwanda lilikuwa karibu kufika. Kiptanui akapita na pikipiki. Akasimama. Akapiga picha. Sasa iko kwa WhatsApp ya kituo, na jina langu limekuwa Mama Kipkirui.

Kwa hasira nilimficha mwanasesere juu ya dari. Kijana amekataa uji, anazunguka katikati ya mistari ya chai akimwita. Nifanye nini? Nimchome huyo mwanasesere kama mzee alivyosema, ama nijiondoe kwa uchaguzi?

Ni mimi, Baba Kipkirui.

Baba Kipkirui,

Pole kwa kuachiwa mtoto bila mafunzo. Sasa keti nikuambie.

Umenunua lori, mpira na ng'ombe kumtibu mtoto ambaye si mgonjwa. Wewe mzima, mwenye ndevu na shamba, ulishindwa na kitoto kinachonyonya, ukaokolewa na kijana wa miaka minne. Ulimshukuru? Ulimfichia mtoto wake juu ya dari! Aibu iko hapo, usiitafute kwingine.

Sasa kura. Hebu niambie, kwa hiyo foleni ya majani wamejaa akina nani? Ni wenye pikipiki, ama ni wanawake wenye watoto mgongoni na magunia kichwani? Hao nao ni wakulima, na Jumamosi watapiga kura. Picha yako wameiona. Wamecheka, sikatai, hata mimi nimecheka. Lakini nina hakika wengine wamewaonyesha waume zao wakauliza, "Na wewe je?"

Usijiondoe. Mtu akikuita Mama Kipkirui, itika vizuri, kisha uendelee kueleza utakavyosimamia mizani. Kwa babako nenda na heshima, mpelekee maziwa ya mursik, msikilize mpaka amalize, ushukuru, urudi nyumbani bila kuchoma chochote.

Hayo ni ya kesho. Leo, kabla hamjakula, panda juu ya dari. Usimdanganye mtoto ati umemwokota mahali. Mwambie wewe ndiye ulimficha na ulikosea. Halafu muulize huyo mwanasesere anaitwa nani, kwa maana umeniandikia barua yote hii na jina lake hukulitaja.