Friji Yetu kwa Mama Furaha

Jumamosi. Mvua ya asubuhi imeacha baridi hapa Kisugu, Kampala, na mimi nimekaa mezani na aibu yangu. Naiandika siku hii kwa mpangilio, kama ilivyotokea.

Shule ya Neema, binti yetu, hulipa nusu ya karo ya watoto ambao wazazi wao wana kipato kidogo. Kila mwaka tunajaza fomu upya, kisha mwalimu anakuja nyumbani kuangalia hali. Tangu Januari mke wangu si mpishi wa kawaida tena pale mkahawani Kabalagala. Ni msimamizi wa jiko zima, na mshahara wake mpya umetupitisha kiwango cha shule.

Alhamisi niliijaza fomu kazini, kwenye duka la kuchapisha Wandegeya. Nikaandika "mpishi". Nikaambatisha hati ya mshahara ya mwaka jana.

Sikumwambia mke wangu.

Uani kwetu kila mtu anajua la kufanya siku ya mwalimu: televisheni inafunikwa shuka, friji inahamia kwa jirani. Basi leo, mke wangu alipokuwa sokoni, niliisukuma friji hadi kwa Mama Furaha, jirani yetu Mkongomani. Aliichomeka kwenye umeme wake huku akicheka. "Baba Neema, hii friji inakoroma! Munaniletea bwana mwingine?"

Mke wangu alifika mlangoni pamoja na mwalimu. Alimkaribisha, akaingia jikoni kutafuta juisi, akakuta pembe tupu na mraba wa vumbi sakafuni. Alitoka nje, akarudi na jagi linalotoka jasho.

Mwalimu alikunywa, akaitazama glasi, akamgeukia mke wangu kwa heshima ya Kiganda. "Nnyabo, baridi hii mumetoa wapi?"

"Kwa friji yetu," akajibu bila kunitazama. "Imeenda kutembea kwa jirani. Itarudi jioni."

Mwalimu alicheka mpaka akaiweka glasi chini. Kisha akasoma fomu na kumuuliza kama bado ni mpishi. Mke wangu alimtajia cheo chake chote, polepole, jinsi mtu anavyotaja jina lake. Mwalimu akanirudishia fomu nijaze upya. Hakutuficha: kwa kipato hicho, msaada utakoma muhula ujao.

Alipoondoka nilianza kujieleza. Mke wangu hakunipa nafasi.

"Nimekata vitunguu miaka sita ndiyo nifike pale, Baba Neema. Wewe unanirudisha kwenye vitunguu kwa kalamu?"

Nikatoka kwenda kuichukua friji.

Nakumbuka miaka hiyo sita. Alikuwa akirudi macho mekundu, mikono inanuka, na bado akikagua daftari za Neema kabla ya kuvua viatu. Kupanda kwake cheo ndiyo habari nzuri kuliko zote zilizoingia nyumba hii, na mimi niliona vyema kuisukumia kwa jirani pamoja na friji.

Karo kamili itatubana. Kiwanja tulichokuwa tukikitafuta Mukono kitangoja. Nilipomwambia hivyo, alisema tu kwamba kiwanja hakifanyi mtihani.

Mwanamke huyu ananishangaza.

Nimejaza fomu mpya. Penye kazi ya mama nimeandika kwa herufi kubwa: MSIMAMIZI WA JIKO. Jumatatu nitaipeleka shuleni mwenyewe, lakini kwanza nitamwomba aisome.

Friji imerudi kwenye pembe yake. Inakoroma.