Kitambaa cha Mkono

Jumatatu, 4 Mei 1998
Pasi kama kawaida. Sketi, blauzi, kitambaa cha mkono. Kitambaa hukunjwa mara nne.

Leo nilifundisha ishara katika fasihi. Nguo nyeupe, sauti ya chini, mwendo wa taratibu: hapo ujue mhusika ni mstaarabu. Msichana wa nyuma akauliza, na ushanga? Nikamjibu ushanga ni pambo tu.

Jumamosi tunaenda Kajiado kwa akina Naserian, mchumba wa mwanangu Wekesa. Sisi Wabukusu, wao Wamaasai. Sitaki waseme mama wa bwana harusi ni mshamba.

Ijumaa, 8 Mei
Pasi tena. Matope ya njiani Kitengela yana wivu na viatu vyangu. Nitavibeba kwa karatasi, nivae huko. Mume wangu anacheka. Acheke.

Jumamosi, 9 Mei
Nimeharibu.

Nyanya yake Naserian, wanamwita Koko, alitoka kutulaki. Mgongo wima, ushanga hadi kifuani, hana haraka. Nikamwamkia "Takwenya." Nilikuwa nimefanya mazoezi. Akaitikia "Iko," akanishika kichwa, akanitemea mate usoni. Kidogo tu, kama manyunyu.

Mkono ulienda wenyewe. Nilichomoa kitambaa nikajipangusa, polepole, kistaarabu kabisa. Koko akanigeuzia mgongo, akaingia ndani. Chai ililetwa. Habari ya ndoa haikuguswa.

Njiani Wekesa alisema, "Mum, hiyo ilikuwa baraka. Na wewe umeipangusa."

Jumapili, 10 Mei
Sikwenda kanisani. Naona aibu. Hasira pia. Wekesa alinikumbusha mara tatu nisichelewe, hilo la mate akalisahau.

Alhamisi, 14 Mei
Naserian alikuja shuleni, macho mekundu. Koko amekataa wazee wakae kuzungumza ndoa. Anasema hawezi kumpa mjukuu wake kwa mama anayekataa baraka. Nimelia chooni.

Ijumaa, 15 Mei
Nilimwomba yule msichana wa nyuma atufundishe ushanga. Nyeupe ni maziwa. Buluu ni anga, mvua inakotoka. Darasa zima liliandika. Mimi pia.

Jumamosi, 23 Mei
Nilienda Kajiado peke yangu. Viatu vya kawaida, vya matope. Kitambaa nilikiacha kwa droo.

Nilimwinamia Koko nikiwa bado nje ya boma. Alinitazama muda mrefu mpaka shingo ikaniuma. Kisha akatema. Mate yakanikaukia usoni tukinywa maziwa, yeye akiongea Kimaasai, mimi nikiitikia nisichoelewa. Wazee watakaa mwezi ujao.

Nimefika nyumbani saa kumi na moja. Maji ya kuoga yako tayari. Bado sijanawa uso.