Chupa za Mbega wa Tengeru

Mzee,

Shikamoo zangu zote nilikupa ukiwa hai, leo sikupi. Nina hasira na wewe, na kufa kwako hakujaipunguza hata kidogo.

Mchungaji alikusifu kaburini kwamba ulikuwa mtu mkweli. Nililia, maana mimi msaidizi wako wa miaka minne niliamini hivyo. Jumatatu nikapewa meza yako na ufunguo wa friji. Nikafungua. Chupa zetu zote za kinyesi cha mbega, za Mlima Meru na za ule msitu mdogo wa Tengeru, zina vibandiko vipya. Umeviandika kwa penseli. Wewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaokota kule juu, baridi inauma, ukanivalisha sweta lako? Nilikuambia, Mzee, tuandike kwa penseli, spiriti ya kuhifadhia inakula wino. Ukasema, "Penseli ni ya chekechea, binti," ukachomoa ile kalamu yako mpya ya Nairobi. Kumbe wino ulifutika wote, ukabandika upya kwa kukisia bila kusema. Kwenye daftari lako nimekuta: "Hii nadhani ya mlimani." Unadhani? Ulishindwa nini kuniambia? Tungepanda tena. Mbona miguu ninayo.

Ukapeleka kidogo cha kila chupa Ulaya kupimwa vinasaba, majina yakiwa yamechanganyika hivyohivyo. Lazima wajibu kwamba hawaoni tofauti kati ya wa mlimani na wa Tengeru. Nawe ukaandika ripoti: mbega wa Tengeru si wa pekee, hata wakitoweka, wenzao wapo mlimani. Nami nikasaini chini yako bila kuuliza.

Sasa, kwa ripoti hiyo, msitu umeuzwa kwa mwekezaji wa maua. Miti imeshapakwa rangi nyekundu, na mbega wamekaa juu yake wanakula majani. Labda kweli ni damu moja na wa mlimani. Labda hakuna wengine kama hao popote. Hatujui, na wewe ndiye uliyefanya tusijue.

Kesho ni kikao cha mwisho kabla ya kukata. Nakwenda na daftari lako. Huenda kazi ikaota mbawa, na mkeo hatanisalimia tena kanisani. Hayo nimeyakubali. Nakuahidi, wakiusimamisha mpango, nitaokota upya sampuli zote mwenyewe, mlimani na Tengeru.

Kwaheri, Mzee. Pumzika kama unaweza. Nilikupenda kama baba, na kesho nitakuumbua mbele za watu.